Kijana Anaposajiliwa kwa Miguu Yake: Fedha au Mahali Panapomfaa?

Katibu wa tawi letu la Arua amezoea kuletewa karatasi. Huletewa barua za kuachishwa kazi, hati za mshahara zenye makato yasiyoeleweka, na fomu za fidia zilizokaa katika droo ya mwajiri mpaka zikageuka rangi. Lakini siku tuliyofika ofisini kwake tulimkuta na bahasha mbili za namna nyingine. Alikuwa ameletewa na mwanachama wetu wa miaka mingi, dereva wa basi la usiku kati ya Arua na Kampala, ambaye nyumbani kwake ni Koboko. Barua zenyewe hazikuandikwa kwake bali kwa binti yake, mkimbiaji wa mita 1,500 na 3,000, aliyemaliza kidato cha sita, na ambaye sasa vyuo viwili vinamtaka.

Barua ya kwanza ilitoka chuo kimoja cha binafsi upande wa Kampala. Chuo hicho kiliahidi kulipa ada yote, kumpa kitanda bwenini, chakula na viatu vya mbio, na juu ya hayo posho ya shilingi laki mbili kila semesta. Barua ya pili ilitoka chuo kilicho karibu na nyumbani. Hicho kingelipa nusu ya ada tu, na posho hakuna. Lakini kina kozi ya uuguzi, ambayo binti ameitamani tangu utoto, na mwalimu wa mbio atakayemfundisha pale ndiye aliyemwona kwanza akiwa shule ya msingi, akikimbia pekupeku. Vyuo vyote viwili vilitaka jibu kabla ya semesta kuanza, na zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Baba mtu alikuwa amekasirika, na hasira yake ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Alisema binti ametazama barua zote mbili kwa muda wa dakika moja, kisha akaweka mkono juu ya ile yenye posho. Kwa maoni yake, vijana wa siku hizi wamekwisha kununuliwa hata kabla hawajafika sokoni. Alimwomba katibu, kama mzee mwenye kusikilizwa, amwite binti huyo amwonye.

Katibu hakumwonya mtu. Alisema kwanza tuzisome barua hizo kama tunavyosoma mkataba wa kazi, mstari kwa mstari, na anayetaka kukasirika akasirike baadaye. Tukaketi tukasoma. Tulipotoka pale tuliona kwamba jambo hili si la nyumba moja, tukaamua kuzunguka viwanja vya Arua na Koboko kuwauliza vijana na walimu wao wa michezo: kijana anaposajiliwa na chuo kwa sababu ya miguu yake au mikono yake, hutazama nini? Je, ni kweli kwamba anatazama fedha tu?

Si mara ya kwanza kuandikishwa

Ndugu wasomaji, watu wa West Nile wana mazoea ya zamani na mgeni anayekuja kutafuta wenye nguvu. Nanji Kalidas Mehta alipoanzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani alipoanzisha cha Kakira mwaka 1930, mikono ya kukata miwa ilitafutwa huku kwetu. Walugbara na Waalur waliondoka kwa maelfu kwenda Buganda na Busoga, kwa kuwa serikali ya kikoloni iliiona wilaya hii kuwa ghala la vibarua na askari kuliko mahali pa kuleta maendeleo. Jeshi la KAR nalo lilichukua watu wake hapa, na ndani ya jeshi hilo mwenye ngumi nzito au mbio alitazamwa kwa jicho jema. Hatuna haja ya kumtaja kwa jina yule mtu wa asili ya Koboko aliyekuwa bingwa wa ndondi wa Uganda katika miaka ya 1950 kabla hajawa jambo jingine kabisa.

Wazee tuliokaa nao Koboko walitusimulia waliyosikia kwa baba zao: wakala wa mashamba alikuja na fedha kidogo za kutanguliza, na mtu akizipokea alikuwa amekwisha kujifunga. Masharti aliyajua akishafika. Wenzetu wa Tanganyika waliwaita watu wa namna hiyo manamba. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mzee mmoja, tulipomweleza habari za barua za vyuo, aliuliza swali moja tu, nalo ni kama binti amekwisha kupokea kitu. Hakuuliza ni kiasi gani.

Baada ya uhuru kulikuwa na njia nyingine ya kusajili wanamichezo, na sisi wa vyama vya wafanyakazi tunaijua vizuri, maana ilipitia kazini. Klabu ya KCC ya Kampala ilianzishwa mwaka 1963 na Samuel Wamala kwa ajili ya wafanyakazi wa idara ya maji machafu ya baraza la jiji. John Akii-Bua, aliyechukua dhahabu ya mita 400 za viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, alikuwa polisi. Stephen Kiprotich, aliyeshinda mbio za marathoni mjini London mwaka 2012, alikuwa askari magereza, na Joshua Cheptegei naye ni polisi. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, lakini jambo moja lilikuwa wazi: mtu aliajiriwa. Alikuwa na namba ya kazi, na miguu ilipochoka alibaki na kazi yake. Kijana anayechukuliwa na chuo leo si mfanyakazi, wala si mwanafunzi kama wenzake wanaolipa. Yuko katikati, na mtu aliye katikati hana sheria inayomtaja.

Kwa upande wa mpira, Arua yenyewe imeona mengi kwa muda mfupi. Onduparaka, timu iliyobeba jina la kijiji cha nje kidogo ya mji, ilipanda ligi kuu mwaka 2016 na kuujaza uwanja wa Green Light. Mshambuliaji wake Muhammad Shaban alikwenda KCCA, na mwaka 2018 akafika Raja Casablanca ya Morocco. Mwaka 2023 Onduparaka ikashuka daraja. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na miwili timu ilipopanda alikuwa anamaliza shule iliposhuka, na katika miaka hiyo alijifunza kwamba timu huondoka lakini cheti hubaki. Walimu wa michezo wanatuambia hiyo ndiyo sababu mojawapo ya wazazi wa huku kuuliza habari za chuo sasa kabla ya kuuliza habari za klabu.

Dada zetu wao wana mfano ulio karibu zaidi. Dorcus Inzikuru wa Vurra, kusini mwa mji wa Arua, alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kushinda ubingwa wa dunia wa mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mbio hizo zilipoingizwa kwa wanawake katika mashindano ya Helsinki mwezi Agosti 2005. Mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Hakuna msichana anayekimbia katika barabara ya Koboko asiyelijua jina hilo, na hakuna wakala wa chuo asiyelitaja anapozungumza na wazazi.

Hesabu ya laki mbili

Turudi kwenye barua. Katibu alichukua kalamu. Semesta ina wiki 17, kwa hiyo posho ya laki mbili ni kama shilingi 11,760 kwa wiki, na kwa siku haifiki shilingi 1,700. Barua inasema mazoezi ni saa mbili alfajiri na saa mbili jioni, siku sita, yaani saa 24 kwa wiki bila kuhesabu siku za mashindano. Hiyo ni chini ya shilingi 500 kwa saa. Kwa kulinganisha, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, NCAA, kimeweka tangu mwaka 1991 kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki, ingawa wachezaji wenyewe husema kikomo hicho huvukwa kwa hila nyingi.

Kwa hiyo anayesema binti amenunuliwa kwa posho ajue bei yenyewe. Fedha halisi iliyomo ndani ya barua ni ile ada ambayo mzazi hataitoa. Hapo dereva wetu alinyamaza, kwa kuwa hesabu hiyo anaijua kuliko katibu. Baada ya binti huyu ana watoto watatu shuleni, na wa kwanza wao yuko kidato cha nne. Mama yao huuza muhogo mkavu katika soko la Koboko. Serikali ilianzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997 na ya sekondari mwaka 2007, lakini mzazi yeyote atakuambia kwamba karo iliyofutwa kwenye karatasi hurudi kwa majina mengine: chakula, sare, ream ya karatasi, mchango wa jengo. Yeye mwenyewe ni mtoto wa ukimbizi. Vita vilivyofuata kuanguka kwa serikali mwaka 1979 viliwavusha watu wa West Nile kwenda Sudan na Zaire, na shule yake iliishia huko, chini ya mti, darasa la nne.

Tulikwenda Koboko kuonana na binti. Tulimkuta ametoka kukimbia, akatuletea viti na maji kabla ya kuketi. Alijibu kwa adabu na bila kuficha. Alisema alitazama barua kwa dakika moja kwa sababu hesabu alikuwa amekwisha kuifanya kabla barua hazijaja. Nusu ya ada ya chuo cha karibu ingetoka kwenye mshahara wa baba, na mtu wa kwanza kukosa karo angekuwa mdogo wake wa kidato cha nne. Kuhusu uuguzi, alisema anautaka bado. Kuhusu mwalimu wake wa mbio, aliinama kidogo, akasema mwalimu huyo ni kama baba yake mdogo na hajui atamwambia nini.

Kisha akasema neno ambalo tumelibeba tangu siku ile. Alisema barua zote mbili zinadai chuo ni familia. Zote mbili zinadai kocha ni hodari na mazingira ni mazuri. Katika maneno yote hayo hakuna hata moja analoweza kulipima akiwa Koboko. Lakini laki mbili ni laki mbili, na isipofika atajua kwamba haikufika.

Waliotangulia

Tulilibeba neno hilo hadi Arua, na kila tulipokwenda tuliliona likisimama. Kijana mmoja, mlinda mlango, aliwahi kuchukuliwa na shule moja ya mbali kwa basari ya mpira akiwa kidato cha tatu. Muhula wa pili akaumia goti. Hakuna aliyemfukuza, ila muhula uliofuata jina lake lilikuwa limeondolewa katika orodha ya wasiolipa, akaambiwa alete karo yote au akae nyumbani. Alikaa nyumbani. Leo anaendesha bodaboda mjini, na goti lile hulitanguliza anapopanda pikipiki. Tulimuuliza kama alichagua fedha. Akasema fedha hazikutajwa kabisa, alichagua shule kwa sababu ina jina na kocha mwema. Huyo basi alitazama mahali panapomfaa, kama tunavyowashauri vijana wote wafanye.

Msichana mwingine, mchezaji wa netiboli, alikataa chuo kilichompa zaidi akaenda kilichokuwa na kozi ya maabara. Sasa anafanya kazi katika kituo cha afya na mpira ameacha. Hajuti, ingawa alituambia kwamba kaka yake ndiye aliyemlipia salio la ada, na bila kaka huyo asingekuwa na la kuchagua. Mkimbiaji wa tatu alimfuata kocha wake chuoni, na baada ya semesta moja kocha akapata kazi kwingine. Mkataba wa kijana ulikuwa na chuo, wala haukumtaja kocha popote.

Tumeandika haya ili wasomaji waone ugumu wake. Tulikwenda tukitegemea kukuta vijana wa aina mbili, wapenda fedha na wapenda michezo, kama dereva wetu alivyodhani. Hatukuwakuta. Tulichokuta ni vijana wanaoletewa karatasi yenye tarakimu moja na ahadi kumi, nao hushika tarakimu. Mfanyakazi yeyote mwenye akili angefanya hivyo hivyo. Tunapokaa mezani na mwajiri hatumwachi aandike mshahara kwa tarakimu, na likizo, matibabu na fidia aziache kwa maneno ya mdomo. Tunataka vyote viandikwe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti yake kwa maandishi. Kwa nini mtoto wa mfanyakazi, anayekwenda kutoa saa 24 za jasho kwa wiki, apewe barua ya heri?

Iko njia nyingine ambayo vijana wengi wa huku hawakuisikia, na tunalaumu pia sisi wazazi kwa kutoitangaza. Kati ya nafasi 4,000 ambazo serikali imekuwa ikizifadhili katika vyuo vikuu vya umma kila mwaka, 40 zimetengwa kwa wanamichezo, mbali na nafasi 896 zinazogawanywa kwa wilaya na 64 za walemavu. Nafasi 40 kwa nchi nzima ni chache mno. Hata hivyo anayeipata hulipiwa na serikali, wala hategemei moyo wa kocha. Muni, chuo kikuu cha umma kilichoanzishwa mwaka 2013, kipo hapa hapa Arua. Binti wa dereva hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote shuleni kwamba nafasi hizo zipo, na muda wa kuomba ulikuwa umekwisha kupita.

Habari za ng'ambo

Chini ya barua ya Kampala palikuwa na sentensi moja iliyopigiwa mstari: kwamba mwanariadha atakayefanya vizuri atafunguliwa njia ya vyuo vya Marekani. Sentensi hiyo tuliikuta pia mdomoni mwa karibu kila wakala tuliyesikia habari zake, kwa hiyo tuseme tunayoyajua.

Njia hiyo ni ya kweli na ni ya zamani. Katika miaka ya 1970 chuo kikuu cha Washington State kiliwachukua Wakenya Samson Kimobwa na Henry Rono, na chuo cha Texas kule El Paso kikamchukua Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyepata baadaye fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980. Rono akiwa mwanafunzi alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Nchi yake ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, hakupata hata siku moja ya kukimbia huko. Baadaye aliangukia ulevi na umaskini, akaishi kwa kazi za kibarua katika nchi ile ile iliyompigia makofi. Alifariki mwaka 2024. Kwa upande wetu wa kaskazini, Julius Achon wa Lango, ambaye utotoni alitekwa na waasi akatoroka, alifika chuo kikuu cha George Mason, na mwaka 1996 akawa bingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 800. Alirudi nyumbani, akajenga zahanati, na mwaka 2016 akaingia Bungeni.

Vyuo hivyo vilijihadhari tangu mapema asije mchezaji akaitwa mfanyakazi. Mwaka 1955 Ray Dennison, mchezaji wa chuo cha Fort Lewis A&M huko Colorado, alikufa kwa jeraha la kichwa alilolipata uwanjani. Mjane wake alidai fidia ya kuumia kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo hilo ilimkatalia kwa hoja kwamba chuo hakifanyi biashara ya mpira. Jina wanalotumia mpaka leo, mwanafunzi-mwanamichezo, lilitungwa miaka hiyo na viongozi wa NCAA chini ya Walter Byers, naye mwenyewe alieleza baadaye kwamba lilitungwa kwa hofu ya madai kama hayo. Mwaka 1973 NCAA ikaruhusu ufadhili kuwa wa mwaka mmoja mmoja, ukihuishwa kama chuo kitapenda, na hali hiyo ilidumu hadi ufadhili wa miaka mingi uliporuhusiwa tena mwaka 2012. Wenzetu wa viwandani wanaujua vizuri mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Siku hizi hali imegeuka, na fedha zimeingia wazi. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo Marekani anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na picha yake. Tarehe 6 Juni 2025 hakimu aliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Wamarekani nao sasa wanabishana kama vijana wao wanapenda fedha kuliko chuo kinachowafaa. Lakini wakala anayelitaja hilo Koboko asisahau kusema mambo mawili. Sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwa mpira wa Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume. Na mgeni mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi za malipo ila kwa mipaka finyu, kwa hiyo mkimbiaji kutoka Uganda anaweza kuketi bwenini na mwenzake anayelipwa naye asiguse kitu bila kuhatarisha viza yake. Makubaliano hayo hayo yameweka pia kikomo cha wakimbiaji 17 katika timu ya mbio za nyika.

Na tusisahau wenzetu wa Dartmouth. Mwezi Machi 2024 wachezaji wa mpira wa kikapu wa chuo hicho walipiga kura 13 kwa 2 wajiunge na chama cha wafanyakazi, tawi lile lile la wafanyakazi wengine wa chuo. Chuo kilikataa kukaa nao mezani. Ilipofika tarehe 31 Desemba mwaka huo, chama kiliondoa ombi lake, kikiogopa kwamba bodi mpya ya kazi ingetoa uamuzi wa kuwafungia mlango wengine wote. Waliopiga kura hawakuwa na ufadhili wa michezo hata kidogo. Hao nao waliambiwa wanapenda fedha.

Maswali manne

Tuliporudi Arua, katibu alimwita dereva na binti yake pamoja. Hakusema ni chuo kipi kizuri. Aliandika maswali manne, akayapiga chapa nakala mbili, moja kwa kila chuo. Mwanariadha akiumia mazoezini, nani atalipa matibabu, na je, ada itaendelea kulipwa hadi amalize kozi? Kocha akiondoka au timu ikivunjwa, ufadhili utabaki? Je, anaweza kusoma uuguzi, na vipindi vya hospitali vikigongana na mazoezi, kipi kitatangulia? Mwisho, vyeti vyake vya UCE na UACE vitakaa kwa nani, na akitaka kuondoka atarudishiwa bila kudaiwa ada ya nyuma? Swali hili la mwisho katibu alilisisitiza. Amewahi kuona vyeti vya kijana vikishikiliwa kama rehani.

Binti aliongeza la tano kwa mkono wake, kwa chuo cha karibu peke yake: kama kingeweza kupandisha nusu ile ifike robo tatu.

Chuo cha karibu kilijibu kwa siku nne, ukurasa mzima, maswali yote. Matibabu yatalipwa, uuguzi unawezekana, vipindi vya hospitali vitatangulia, vyeti vitakaa kwake mwenyewe. Kuhusu robo tatu, walisikitika. Bajeti ya michezo haina. Mwalimu wa mbio alipiga simu usiku akasema ataelewa, na dereva alituambia kwamba sauti yake haikuwa ya mtu anayeelewa.

Chuo cha Kampala kilipiga simu kwanza, kikataka kuongeza posho iwe laki mbili na nusu. Binti alishukuru, akaomba majibu kwa maandishi. Barua ilichelewa. Ilifika zikiwa zimebaki siku tano, mkononi mwa kondakta wa basi la baba yake, ikiwa na muhuri. Ada itaendelea hadi mwisho wa kozi hata akiumia, na matibabu watalipa nusu. Kocha akiondoka ufadhili unabaki. Uuguzi hawana, wana kozi ya afya ya jamii, nayo wameiandika kwa jina. Swali la vyeti walilipita bila kulijibu.

Walikaa nayo jikoni usiku mzima, baba, mama na binti, na yule mdogo wa kidato cha nne akijifanya amelala. Asubuhi binti alitia sahihi ya Kampala. Chini ya sahihi yake aliandika kwamba vyeti vya asili vitabaki nyumbani Koboko na chuo kitapewa nakala zilizothibitishwa, akampa katibu naye atie sahihi kama shahidi. Aliondoka na basi la jioni, baba yake akiwa kwenye usukani. Vyeti viko katika kabati la tawi, kwenye bahasha yenye jina lake, pamoja na nakala ya ile barua ya chuo cha karibu ambayo hakutaka itupwe.